Mnatuuzia lenzi za macho, ikipotea jichoni mmetuacha wenyewe!

Wakuu, nina hasira. Leo siku ya tatu jicho langu la kulia halifunguki vizuri, machozi yanatiririka, na mwanga wa dirishani tu unanichoma kama sindano. Yote haya yangezuilika kwa maelezo ya dakika mbili.

Siku niliyouziwa lenzi zangu za kwanza, mhudumu alinifundisha kuvaa na kuvua, akanisainisha karatasi, akanipa chupa ya dawa ya kusafishia. Nikamuuliza, "Na ikipotea humo ndani?" Akanijibu, "Haipotei hiyo." Basi.

Juzi usiku nimechoka, macho makavu. Ya kushoto ikatoka. Ya kulia, kidole kikateleza. Nikagusa tena, hakuna kitu. Kwenye kioo naona jicho jekundu tupu. Hapo nikajua imezunguka nyuma ya jicho, nikaanza kuwaza ubongo. Karibu saa nzima nabana kwa vidole viwili, nabana tena, mpaka kucha ikakwangua. Wa nyumbani kwangu, kwa nia njema, akaniambia nimwagie maji ya bomba. Nikamwagia!

Asubuhi daktari akanitia tone la rangi ya manjano, akawasha taa ya buluu, akageuza kope la juu akatafuta kote. Lenzi haimo. Kilichomo ni mchubuko kwenye konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, mstari uliopinda unang'aa kijani, umbo la kucha yangu mwenyewe. Lenzi niliikuta jioni imekaukia ukingoni mwa sinki, imejikunja kama gamba la samaki.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: mchubuko wa konea unakupa hisia ileile ya kitu kilichokwama jichoni. Kila nilivyojikwangua ndivyo nilivyozidi kuamini ipo, na kila nilivyoamini ipo ndivyo nilivyozidi kuitafuta. Nani aliniambia hilo? Hakuna.

Daktari yule, Mungu ambariki, ndiye aliyenieleza kwamba lenzi HAIWEZI kwenda nyuma ya jicho. Ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho unakunja kona na kuungana na upande wa ndani wa kope, juu na chini. Ni mfuko ulioshonwa mwisho. Lenzi laini inaweza kujikunja ikajificha humo, hasa chini ya kope la juu, na ikakaa sana. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ liliandika habari za mama wa miaka 67 huko Uingereza aliyekutwa na lenzi 27 kwenye jicho moja alipokuwa anaandaliwa upasuaji wa mtoto wa jicho. 17 zilikuwa zimeshikana bonge moja. Lenzi 27, na hakuna hata moja iliyopita nyuma!

Kwa hiyo ikikutokea, acha kubana. Nawa mikono kwa sabuni, kausha. Angalia kwanza shavuni, kwenye nguo, sinki, sakafuni. Kisha ziba jicho lisilo na shida utazame kwa hilo lenye shida: ukiona vizuri kama kawaida yako na lenzi, bado iko mahali pake, imekauka tu ikanata. Tia matone ya salaini (maji ya chumvi yaliyotakaswa), au ya kulainisha yanayoruhusiwa kwa lenzi, yasiwe mawili matatu ya kubania, tia ya kutosha, fumba, subiri dakika kadhaa. Halafu tazama chini, ukiwa umefumba, upapase kope la juu taratibu kushuka chini. Mara nyingi inateremka yenyewe. Wenye lenzi ngumu msipapase hivyo, ukingo wake unakwaruza. Hizo zina kipira chake cha kunyonyea.

Maji ya bomba usithubutu, mate ndiyo kabisa. Kwenye maji kuna kijidudu kinaitwa Acanthamoeba, kinashambulia konea, tiba yake ni ya miezi na wapo wanaopoteza uwezo wa kuona. Mimi sasa naishi na hofu hiyo mpaka daktari anipime tena. Na ukiikuta imekauka, itupe. Usivae nyingine jichoni hadi maumivu na wekundu viishe. Jicho likiuma, likiogopa mwanga au kuona ukungu, nenda kwa daktari siku hiyohiyo.

Jana nimeisoma upya ile karatasi niliyosaini, kwa jicho moja. Kuna kifungu cha kutorudisha bidhaa iliyofunguliwa. Kuna tarehe ya kuja kuchukua lenzi nyingine. Kuhusu lenzi kukupotea jichoni, hakuna hata mstari mmoja. Nikiweza kuvumilia mwanga wa nje, nawarudishia mkononi, na yule wa "haipotei hiyo" nataka anisomee mwenyewe mbele ya wateja.

Mnaovaa lenzi humu, ninyi wenzangu mliambiwa?