Skuta inazima mlimani na chaji bado asilimia 40. Betri ndiyo imekufa?

Kilomita11
Wakuu, habari zenu. Skuta yangu ya umeme ina mwaka na miezi minne, betri ya volti 36, matairi ya upepo inchi 8.5. Ilipokuwa mpya nilienda kazini na kurudi, kilomita 18, na chaji inabaki. Siku hizi nikigonga kilomita 11 inakata moto mlimani huku skrini inasoma asilimia 40. Nikiizima na kuiwasha inatembea kidogo, kisha yale yale. Fundi kaiangalia akiwa amesimama tu, hata spana hakushika, akasema nunua betri. Matunzo yangu ni kuifuta vumbi na kuichaji kila usiku mpaka asubuhi. Nishaurini kabla sijatoa hela.

SpanaMfukoni
Upepo ulipima lini, mkuu? Nasema kupima kwa geji, siyo kubonyeza kwa kidole gumba. Tairi dogo namna hiyo lina ukuta mgumu, likiwa na psi 25 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) kidole kinakudanganya kuwa limejaa. Matairi ya saizi hiyo mengi hutaka psi 45 hadi 50. Soma ubavuni ujue mwisho wa lako.

Kisha zima skuta, inua gurudumu lenye diski ya breki, lizungushe kwa mkono. Likizunguka mara mbili na kusimama, breki inashika. Sikiliza pia: ukisikia "shwii" moja kila mzunguko, diski imepinda. Pedi zikigusa pande zote, legeza boliti mbili za kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski), isogeze taratibu mpaka diski ipite katikati, kaza. Mimi nilihangaika miezi mitatu nikiilaani betri, kumbe waya wa breki ulikuwa umekazwa kupita kiasi, na aliyeukaza ni mimi mwenyewe.

Bibi Volti
Nakubaliana na Spana, ila betri nayo ipimwe, isisingiziwe wala isitetewe. Chukua multimita, kile kipimo cha umeme. Betri yako ni seli 10 zilizofuatana, kila moja ikijaa ni volti 4.2, kwa hiyo jumla ni 42. Ikitoka kwenye chaja ukapata 41 na kitu, siyo mbaya. Kama skrini inaonyesha volti, zitazame ukiwa mlimani: kushuka mbili au tatu ni kawaida, mota inavuta umeme mwingi, na tairi laini au breki inayoshika huifanya ivute zaidi. Ikiporomoka mpaka karibu na 30, saketi ya ulinzi inakata. Ndiyo maana ukiizima na kuipumzisha, volti hupanda tena nayo inakubali kuwaka.

Na hiyo ya kuchaji usiku kucha, mwanangu, acha. Ikifika imejaa, ichomoe. Usiichaji ikiwa bado ya moto kutoka safarini, wala kwenye baridi ya chini ya nyuzi sifuri. Ukiiweka wiki kadhaa, iache nusu.

Kilomita11
Nimerudi na aibu. Tairi la nyuma psi 21, la mbele 27. Breki inashika kweli, gurudumu halikumaliza hata mizunguko miwili. Nimejaza upepo, nimesogeza kalipa, jioni nimepanda mlima ule ule bila kuzima. Nimemaliza kilomita 15 na nusu, imebaki asilimia 20. Ilipotoka kwenye chaja ilisoma volti 41.6.

Bibi Volti
Kama safari bado imepungua kidogo kuliko ilipokuwa mpya, huo ni umri wa betri, haurudi nyuma. Bado una muda nayo.

SpanaMfukoni
Shika breki ya mbele, tikisa usukani mbele na nyuma. Usukani ukicheza pale kwenye bawaba ya kukunjia, usipande mpaka uikaze. Pancha unaweza kutembea nayo nyumbani, usukani ukikunjika ukiwa kwenye mwendo ni habari nyingine.

Kilomita11
Unacheza. Natafuta spana.