Minana wa mnazini kwangu ndio walio hatarini?

MamaLikoni: Salaam aleikum. Nyuma ya nyumba yangu kuna mnazi umejaa viota vya minana. Dume ni manjano tupu, kichwa rangi ya embe lililoiva, anachana kuti uzi kwa uzi tangu alfajiri. Mwanangu katoka shule akaniambia minana wanatoweka. Ni hawa?

MsituWetu: Aleikum salaam, mama. Hao ni wa minazini, wamejaa pwani, hawamo hatarini. Aliye hatarini ni mnana wa Clarke: dume wake ana kichwa na mgongo mweusi, tumbo manjano. Duniani kote yuko Kaunti ya Kilifi tu, misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha, akitafuta wadudu juu ya miti ya mirihi. Wanasayansi walimpa jina 1913, lakini viota vyake havikupatikana hadi 2013, Dakatcha, kwenye kinamasi cha msimu. Miaka mia! Nikilifikiria hilo moyo hunisisimka.

Mgiriama_Halisi: Kinachomuumiza ni makaa na kufyeka mirihi kwa mashamba. Minana wako, mama, hujenga hata kwenye mnazi wa uani. Huyu wa Clarke hungoja mvua ijaze kinamasi.

MamaLikoni: Shukrani, wanangu. Mimi hununua makaa gunia zima na sijawahi kuuliza yametoka wapi. Kesho nitamuuliza muuzaji. Na shule zikifungwa nampeleka mtoto Gede, kando ya Arabuko-Sokoke. Tushukie wapi tumpate wa kututembeza msituni?

MsituWetu: Shukeni Gede, mama, lango la msitu li karibu na barabara. Njooni mapema, kabla jua halijakaza.