Tupeane uzoefu: wasiwasi mdogo unaotukosesha usingizi kwa kuwa hatujui chanzo chake

Maalim wa Michenzani:
Assalamu alaikum wanajamvi. Kuna mambo madogo yanayowahangaisha watu visiwani humu kwa sababu moja tu: hawajui yanatokana na nini. Mlio juu ya paa, namba kubwa kwenye mashine ya presha, boti kulala upande ikishapita Nungwi. Akili isipopata jibu hujitungia, na jibu la kujitungia haliwi dogo hata siku moja, khasa saa nane za usiku. Anayeijua kazi yake aeleze: kitu chenyewe ni nini, unakipimaje, na kipi ndicho cha kuogopa kweli. Vya "jirani yangu aliona" tuviache, vimejaa mitaani.

Fundi Paa:
Naanza na mabati. Bati la mita tatu likipigwa na jua la mchana hufika nyuzi 60. Usiku hushuka hadi 25 hivi. Tofauti hiyo hulifupisha milimita moja na kitu. Lakini limebanwa na misumari, haliwezi kusogea taratibu. Linavumilia, kisha linaachia kwa mkupuo: ta! Ndiyo maana mlio huja baada ya Magharibi, au mvua ya ghafla inapoangukia bati la moto. Andika saa za mlio kwa siku tatu nne. Ukifuata jua na mvua, ni bati. Ukija saa yoyote na mparuzo ndani yake, ni panya au paka darini.

Mlio wenyewe hauharibu nyumba. Cha kushughulikia ni msumari uliochomoka: tundu limepanuka, maji yanapita, na kusi ikivuma inapata pa kushikia. Ung'oe, tia skrubu nene zaidi yenye mpira. Usigongee msumari uleule tundu lilelile, hautashika.

Mpita Mashamba:
Ongeza komba. Kilio chake usiku ni cha mtoto mchanga kabisa, na wako Unguja na Pemba pia. Mulika tochi juu ya mti: utaona macho mawili yanang'aa, kisha yanaruka.

Muuguzi wa Chake:
Langu ni jinamizi. Mtu anaamka, anakiona chumba, mwili haujibu, kifua kizito, na anahisi kuna kiumbe karibu yake. Usingizi una awamu ya ndoto ambayo ubongo huifunga misuli ili mtu asiinuke akafanya anayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa, na ndoto ikaendelea macho yakiwa wazi. Hudumu sekunde kadhaa, pengine dakika moja mbili, kisha hupita yenyewe. Kifua kinaonekana kubanwa kwa sababu pumzi za awamu hiyo ni fupi na huwezi kuvuta kubwa kwa kutaka. Hewa inaingia lakini.

Mwaka 1995, taharuki ya Popobawa, jini anayedaiwa kuwavamia watu usiku, ilipoingia Pemba kisha Unguja, watu walilala nje kwa makundi, wakakesha. Mengi yaliyosimuliwa juu ya kubanwa kitandani yanalingana na haya. Na hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha: kukosa usingizi ni miongoni mwa visababishi vikuu vya jinamizi. Aliyekesha kwa hofu leo, kesho ndiye mwepesi wa kubanwa, na akibanwa anaona hofu yake imethibitika.

Ikikushika, usipigane na mwili mzima. Elekeza nguvu kwenye kidole kimoja cha mguu, toa pumzi polepole. Lala ubavu, maana chali huzidisha. Lala saa ileile kila siku, kahawa ya usiku iache. Dua zako soma, hazigombani na haya. Ikiwa inajirudia sana na mchana unazidiwa na usingizi ghafla, muone daktari.

Presha kwa ufupi: kipimo kimoja cha haraka si hukumu. Kojoa kwanza, kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo, kimya. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Pima mara mbili, dakika moja katikati. Ukanda wa mashine ukiwa mdogo kwa mkono mnene unapandisha namba, na hofu ya hospitali inapandisha pia. Ikibaki 140/90 au zaidi siku tofauti, hapo pana mazungumzo na daktari. 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi au upande mmoja kulegea, ni kwenda hospitali saa ileile.

Baharia wa Mkoani:
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baada ya meli ya Spice Islander kuzama karibu na Nungwi Septemba 2011, na Skagit jirani na Chumbe Julai 2012, kila chombo kikiyumba watu hushika tasbihi. Siwalaumu hata kidogo. Lakini mjue cha kuangalia.

Ukishatoka kwenye kivuli cha Unguja, mkondo ukikutana na upepo mawimbi yanainuka wima. Nahodha kupunguza mwendo hapo ni kazi yake, injini haijafa. Chombo kinacholala na kurudi upesi kina uthabiti. Kinacholala, kikakawia kule, kikarudi kwa uvivu, ndicho chenye tatizo, mara nyingi kwa mzigo mwingi juu au watu kupita kiasi. Hilo unaliona bandarini kabla ya kupanda: watu wamekaa njiani, magunia yameziba milango, tiketi zinauzwa bila kuandikwa majina. Ukiona hivyo, shuka. Ukipanda, tafuta jaketi okozi chombo kikiwa bado gatini, ujue na mlango wa karibu.

Bi Mkubwa Jang'ombe:
Ahsanteni wanangu. Na gesi je? Kuna wanaorudi kwenye makaa kwa kuogopa mtungi.

Fundi Paa:
Bi mkubwa, sabuni ya unga na maji, ikoroge itoe povu. Fungua mtungi, jiko likiwa limezimwa. Paka povu kwenye regyuleta na mpira wote, mwanzo hadi mwisho. Mapovu yakikua, panavuja: funga mtungi, badilisha mpira au regyuleta. Kiberiti kisitumike kupima kabisa. Ukisikia harufu, usiguse swichi ya taa, fungua milango kwanza, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni.