Naomba ushauri: waya wa risasi unazunguka kwenye ndoana

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nipo Mufindi, navua samaki aina ya trauti kwenye vijito, na nimekwama kwenye kufunga chambo bandia chenye uzito, cha kuiga kadisi. Namaanisha yule funza wa majini anayejijengea ala ya mchanga na vijiti. Ukigeuza mawe mtoni unamkuta amenata chini yake.

Natumia ndoana namba 12, shanga ya shaba kichwani, mizunguko 8 ya waya wa risasi (ile metali laini) wa kuongeza uzito, mwili wa nyuzi za unyoya wa tausi, na miguu ya manyoya ya kanga. Kikiwa kwenye jiliwa kinapendeza kweli. Nikishapata samaki wawili tu, mwili wote unazunguka kwenye ndoana na uzi unalegea nyuma ya shanga.

Nimejaribu gundi ya kukauka haraka. Ilishika, ila ilipenya hadi kwenye tausi, nyuzi zikakakamaa na ule mng'ao wa kijani ukapotea kabisa. Nikaongeza waya hadi mizunguko 12, mwili ukawa mnene kama punje ya harage, samaki wakaupita.

Je, nitandike uzi kwanza kwenye ndoana kabla ya risasi, na gundi niipake hatua gani? Pili, metali ya tungsteni ni nzito kuliko risasi: nikiweka shanga yake naweza kuacha waya kabisa, na chambo bado kikafika chini kwenye maji ya kasi yenye kina cha kiuno? Shanga hizo itabidi niagize nje, ndiyo maana nauliza kabla sijatoa hela.