Ushauri: Riwaya zinazomfanya Conan Doyle mwenyewe kuwa shujaa, tuchukue ipi?

Msomaji wa Usiku:
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha kusoma kimemaliza hadithi za Sherlock Holmes, na mimi nimetwishwa kazi ya kutafuta riwaya ambayo mtunzi wa Holmes, Arthur Conan Doyle, ndiye anayeingia matatani. Nimeshasoma The List of Seven ya Mark Frost (1993). Doyle ni daktari kijana, London, mwaka 1884. Anaalikwa kwenye kikao cha kuita mizimu, mambo yanaharibika, halafu anatokea Jack Sparks, jasusi wa Malkia Victoria, na msomaji anaanza kuona Holmes alikotoka. Nilikesha nayo. Tatizo ni mwenzetu mmoja, mwalimu wa historia: anasema mtu aliyeishi kweli asizuliwe mambo ya mizimu. Pesa inatosha kitabu kimoja tu cha kupokezana. Mnanishauri nini?

Kiko cha Bwana Msa:
Mwalimu wako ana hoja nusu. Mwaka 1884 Doyle halisi alikuwa Southsea akisubiri wagonjwa ambao hawakuwa wengi, kwa hiyo Frost kamhamisha mji. Ila mizimu hakuzuliwa. Mzee huyo aliiamini kwelikweli, akazunguka dunia kuihubiri, hata urafiki wake na Houdini, yule mwanamazingaombwe maarufu, ukafia hapohapo.

Na matukio alikuwa nayo ya kutosha. Mwaka 1880, bado mwanafunzi wa udaktari Edinburgh, aliingia kwenye meli ya wawinda nyangumi iitwayo Hope kama daktari wake, wakaelekea Aktiki. Alitumbukia baharini mara nyingi mpaka nahodha akambandika jina la ndege mzamiaji. Mwaka uliofuata akawa daktari wa meli Afrika Magharibi, homa nusura imwondoe. Mwaka 1900 yuko Bloemfontein, Afrika Kusini, kwenye hospitali ya vita vya Makaburu, homa ya matumbo inaua askari kuliko risasi. Mtu wa namna hii ukimpa upanga kwenye riwaya, umemwongezea kidogo tu.

Bibi Maktaba:
Chukueni Arthur & George ya Julian Barnes (2005), mjadala ufungwe. George ni George Edalji, wakili wa Birmingham, baba yake mchungaji mwenye asili ya India. Mwaka 1903 alifungwa kwa tuhuma za kuwakatakata farasi usiku mashambani. Doyle alipoenda kuonana naye hotelini, alimkuta anasoma gazeti amelisogeza karibu kabisa na uso, tena kwa upande. Macho hayo! Akajiuliza mtu asiyeona vizuri mchana avukaje mashamba gizani akamkate farasi? Hiyo ni akili ya Holmes kabisa, na ilitokea kweli. Mwaka 1907 George akasamehewa, ila fidia hakupewa hata senti.

Mwalimu wa historia hatapata pa kuchokonoa.

Dr. Wa Mtaa:
Bibi, kitabu ni kizuri sana, sibishi, lakini aliyeuliza anataka mtu anayekimbizana na wauaji. Barnes anakwenda polepole, na nusu ya kitabu ni ndoa ya Doyle na mapenzi aliyokuwa akiyaficha. Waliotoka kwenye Holmes moja kwa moja watasinzia.

Mimi nasema David Pirie. Kamchukua Doyle kijana akamuunganisha na Dkt. Joseph Bell, mwalimu wake halisi wa Edinburgh, yule aliyekuwa akimtazama mgonjwa tu na kumwambia ametoka wapi na anafanya kazi gani. Doyle alikuwa karani wake hospitalini, na mwenyewe alikiri kwamba Holmes katokana naye. Kwa hiyo msingi ni wa kweli, kesi ndizo za kubuni. Mnapata damu, ukungu na historia kwa pamoja.

Nevermore ya William Hjortsberg iacheni kwanza. Doyle na Houdini wako New York mwaka 1923, mauaji yanaiga hadithi za kutisha za mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe, na mzuka wa Poe mwenyewe unatembea humo. Mwalimu atahama kikundi.

Mto Kongo:
Naingilia kidogo. Mimi nasubiri riwaya ya Doyle wa 1909, aliyeandika The Crime of the Congo kuanika ukatili wa utawala wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, huko Kongo: mikono iliyokatwa, vijiji vilivyochomwa kwa ajili ya utomvu wa mpira. Rafiki yake Roger Casement alikuwa konseli wa Uingereza huko. Mwaka 1916 Casement aliponyongwa kwa uhaini, Doyle alikuwa miongoni mwa waliokuwa wamemwombea asiuawe. Hapo kuna riwaya nzima, na London haihitajiki sana.

Msomaji wa Usiku:
Asanteni sana wakuu. Mto Kongo, andika wewe, sisi tutanunua. Nimempigia mwalimu, kakubali Pirie kwa sababu ya huyo Bell. Barnes tutamchangia mwezi ujao. Nianze na kipi cha Pirie?

Dr. Wa Mtaa:
The Patient's Eyes, ndicho cha kwanza. Msianzie The Night Calls hata mkikikuta kwa bei nafuu, maana adui anayeanzia humo anaendelea hadi The Dark Water, na mkivuruga mpangilio mtanilaumu mimi.