Hong Kong: wakala haruhusiwi kuzidisha asilimia 10, deni la miezi 7 linatoka wapi?

Nyangumi85:
Wakuu, salaam. Habari za maajenti na dada zetu wanaokwenda Ghuba tumezizoea. Mimi nataka kuelewa Hong Kong, ambako wafanyakazi wa ndani kutoka nje, wengi wao Wafilipino na Waindonesia, ni zaidi ya 300,000. Sheria ya kule inasema wakala asimtoze mfanyakazi zaidi ya asilimia 10 ya mshahara wa mwezi wa kwanza. Mbona kila ukisoma habari za Waindonesia unakutana na makato ya miezi 6, 7? Sheria imelala, au kuna mlango wa nyuma?

Mzee wa Bandari:
Mlango wa nyuma upo, tena mpana. Hiyo asilimia 10 inambana wakala aliyeko Hong Kong. Kwa mshahara wa chini uliotangazwa Septemba 2024, HK$4,990 (dola za Hong Kong), alichoruhusiwa kilikuwa HK$499 tu, na akichukue mfanyakazi akishapokea mshahara wa kwanza.

Deni linatengenezwa kijijini, tuseme Java ya Mashariki kule Indonesia. Dalali, ambaye wenyewe humwita *calo*, anafika nyumbani na kuwaachia wazazi au mume fedha kidogo za mkononi. Binti anapelekwa kambi ya mafunzo: Kikantoni (lugha ya Hong Kong), mapishi, kumgeuza mzee kitandani. Anakaa humo wiki kadhaa au miezi, pasipoti na vyeti vyake vikiwa ofisini. Kila kitu kinaandikwa kwenye daftari: chakula, godoro, sare, daktari, hata zile fedha za mkononi zilizoonekana kama zawadi. Kabla ya kupanda ndege anasaini karatasi ya mkopo.

Akifika, hamlipi wakala. Analipa kampuni ya mikopo, kila mwezi, kwenye kaunta ya duka. Ukikagua vitabu huoni ada ya wakala, unaona mtu mzima aliyekopa kwa hiari yake. Hesabu iliyozoeleka mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilikuwa HK$3,000 mara miezi 7, yaani HK$21,000. Mshahara wa chini mwishoni mwa 2012 ulikuwa HK$3,920. Zinabaki 920, za kujikimu na za kutuma nyumbani. Waindonesia wanaita *potongan*, makato.

Nyangumi85:
Asante mkuu. Na Wafilipino? Serikali yao si ilifuta ada?

Mzee wa Bandari:
Ilifuta kwa wafanyakazi wa ndani, tangu 2006. Ada ikarudi kwa jina la "mafunzo" na "vipimo".

Bi Hesabu:
Ongezeni kanuni ya wiki 2, maana bila hiyo deni lisingekuwa na meno. Tangu 1987, mkataba ukivunjika mfanyakazi ana siku 14 za kuondoka, au siku zilizobaki kwenye viza kama ni chache zaidi. Kubadili mwajiri bila kwanza kurudi kwao kunaruhusiwa kwa sababu chache: mwajiri amefariki, amehama, amefilisika, au kuna ushahidi wa mateso. Asiye na sababu hizo anarudi kwao, anaanza mkataba mpya, na mkataba mpya ni deni jipya. Na kwa kuwa lazima alale kwa mwajiri (sharti la 2003), siku anayofukuzwa kazi ndiyo siku anayokosa kitanda.

Hapo ndipo ilipo faida ya wakala mchafu. Kwake, mtu anayefukuzwa mwezi wa 8, deni likishaisha, ana thamani kuliko anayemaliza miaka 2 kwa amani.

Nyangumi85:
Sasa aliyekwisha kukatwa anaanzia wapi?

Bi Hesabu:
Kwanza risiti. Zile za kaunta huchapwa kwenye karatasi ya joto, ikikaa miezi michache kwenye pochi inabaki nyeupe. Apige picha siku ile ile, tarehe na namba ya akaunti inayolipwa zionekane, na aitume kwa mtu wa nje ya nyumba, kwa sababu simu nayo huweza kuchukuliwa. Pili, asisaini risiti ya mshahara ambayo nafasi ya kiasi iko wazi. Hilo ndilo kosa linaloua madai mengi: bosi anajaza baadaye "4,990" na sahihi ni ya kweli. Aombe mshahara upitie benki, na kadi ya benki aishike mwenyewe.

Tatu, muda. Tangu Februari 2018 adhabu ya wakala anayezidisha ada ni faini hadi HK$350,000 na kifungo hadi miaka 3, lakini mashtaka yafunguliwe ndani ya miezi 12 tangu kosa. Mtu akisubiri amalize miezi 7 ya makato "ili asisumbuliwe", zaidi ya nusu ya muda wa kushtaki makato ya kwanza imekwenda.

Madai ya mshahara dhidi ya mwajiri ni njia nyingine: usuluhishi Idara ya Kazi kwanza, ukishindikana, yasiyozidi HK$15,000 yanakwenda bodi ya madai madogo, makubwa zaidi yanakwenda mahakama ya kazi. Wakati akisubiri anaongeza viza ya mgeni, na kwa viza hiyo haruhusiwi kufanya kazi hata siku moja. Ndiyo maana wengi wanakubali nusu ya wanachodai siku ya usuluhishi.

Mzee wa Bandari:
Na asidanganywe kuhusu vyombo. Kikombe kikivunjika kwa uzembe wake, mwajiri hakati zaidi ya HK$300 kwa tukio, na makato yote ya uharibifu yasizidi robo ya mshahara wa mwezi huo. "Vasi ya bibi ya HK$4,000" haipo kwenye sheria.