Tezi dume kwa mzee aliyewahi kupata kiharusi: tamsulosini aianze?

MamaNasra_Ujiji
Shikamooni wakubwa. Baba mkwe ana miaka 71. Mwaka jana alipata kiharusi cha damu kuganda, mguu wa kushoto bado mzito. Anatumia amlodipini 10 ya presha na aspirini 75. Usiku anaamka mara nne, tano, mkojo unakatikakatika. Kaandikiwa tamsulosini 0.4, jirani anasema itamrudishia kiharusi. Aianze?

Mfamasia_Mwanga
Marahaba dada. Aianze, ila kwa uangalifu. Dawa hii hulegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu, lakini hugusa na mishipa ya damu, hivyo presha inaweza kuanguka mtu anaposimama. Jirani hajatunga: utafiti wa Taiwan uliotoka 2016 ulikuta kiharusi kimeongezeka katika siku 21 za mwanzo za dawa za kundi hili. Ila kwa waliokuwa tayari kwenye dawa nyingine za presha, ongezeko hilo halikuonekana. Kwa hiyo amlodipini asiiache hata siku moja bila daktari kusema.

Ameze kapsuli moja kwa siku, nusu saa baada ya mlo uleule kila siku. Tumbo likiwa tupu dawa hupanda haraka na kizunguzungu huzidi. Isifunguliwe wala kumwagwa kwenye uji. Kama tangu kiharusi anapaliwa akimeza, daktari aambiwe kwanza.

Kabla ya kuanza, na tena baada ya wiki: alale dakika 5, mpimeni presha, asimame, mpimeni dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20, au ya chini 10, rudini hospitali. Wengi hupimwa wamekaa tu, tatizo likapita bila kuonekana.

Nesi_Kibirizi
Naongeza la usiku, maana ndipo wanapoanguka. Wekeni chupa ya mkojo kitandani upande wa mkono wenye nguvu. Akitaka kuinuka, akae ukingoni dakika mbili miguu ikiwa chini. Maji anywe ya kutosha mchana, apunguze saa mbili kabla ya kulala. Kumnyima maji kutwa nzima na joto hili la Kigoma ndiko kunakoshusha presha.

Na jamani, dawa za mafua za dukani! Zenye pseudoefedrini hupandisha presha na kubana mkojo. Piriton nayo hubana. Dawa za nguvu za kiume kama sildenafili, asiguse bila daktari.

MamaNasra_Ujiji
Asanteni sana. Finasteridi je? Nasikia haishushi presha.

Mfamasia_Mwanga
Kweli, haishushi. Inapunguza tezi yenyewe, lakini huchukua miezi 6 hivi na husaidia zaidi tezi ikiwa kubwa. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, apime kabla, kwa sababu dawa ikishatumika muda huo, majibu hushuka karibu nusu na saratani inaweza kujificha. Kidonge kilichovunjika kisishikwe na mjamzito.

Mkojo ukiziba kabisa, tumbo la chini likavimba na kuuma, mpelekeni hospitali ya Maweni saa hiyohiyo awekewe mpira wa kutoa mkojo. Msimpe mizizi ya kukojoza: kibofu kitazidi kujaa na njia bado imefungwa.